Kutiwa Hatiani

Jaji alisoma kwa Kiingereza muda wa saa mbili na ushei,
akinywa maji kila baada ya kurasa nne.
Karani akaiteremsha hukumu kwa Kiswahili
ili Mama Nyevu aisikie kutoka benchi la nyuma:
wametiwa hatiani.
Nami, wa tatu katika msururu huo,
nikainama kizimbani nikaivusha kwa Kitaliano
nilichokiokota Malindi nikitandika vitanda vya wageni.

Hapo ulimi ukanikwama.
Kwetu hatia ni mahali. Mtu hutiwa humo
kama chumvi chunguni, kama mkono mfukoni,
na penye kutiwa pana mtiaji.
Kwao ni sifa ya mtu, kama urefu, kama upara.
Nikawaambia: ninyi ni wauaji.
Mle ndani hakuna aliyelitamka hivyo ila mimi.
Yule mdogo, Renzo, akaniuliza, "Umesemaje?"
kana kwamba nikirudia
litatoka jingine.

Nje, bodaboda walipiga honi mpaka Ganjoni:
Leo mzungu atalala Shimo la Tewa!
Mwenye mahamri akagawa sinia zima bure,
kisha akanivuta kando: "Yule kijana, asubuhi alikula?"
Wakili akaitaja rufaa mbele ya kamera
mara kumi na mbili, nilihesabu,
na mpakuzi mmoja wa bandarini akimjibu kila mara:
"Na rufaa ya Dzombo inasikizwa wapi?"

Dereva wa tuktuk alinijua kwa sauti.
"Dada, wewe ulikuwa mle. Walimuua?"
"Shahidi aliona wazungu wawili."
"Saa ngapi?"
"Saa nane usiku. Taa ya getini ilikuwa imeungua."
Akanyamaza mpaka Mwembe Tayari.
"Mimi wote hunifanania," akasema. "Hata mchana."
Kisha, kama mtu aliyejikuta amesaliti ndugu:
"Lakini angekuwa Dzombo ndiye kaua,
nani angeuliza habari za taa?"
Nauli alikataa. Sikujua ananishukuru
au hataki pesa yangu.

Majengo, kwa kinyozi Bafadhil,
pamebandikwa karatasi: Kesi ya Nyali Marufuku Hapa.
Jana watu wawili walikunjana makoti juu yake,
mmoja akatoka na nusu ya kichwa
na hajarudi kumaliziwa.
Shangazi yangu asema polisi walitaka kulifunga faili kabla ya Desemba.
Mumewe asema hongo haikutosha, basi.
Chapati zapoa katikati yao.
Nikiingia, wote wawili hunigeukia
kana kwamba ukweli nimeuficha kwenye mkoba,
pamoja na kitambulisho na dawa ya mafua.

Sina. Nina kitu kimoja tu, nacho si changu.

Siku ile ya hukumu, pale ngazini,
Mama Nyevu alinishika kiganja kwa mikono yote miwili.
Hakupiga vigelegele, wala hakulia.
"Mwanangu alizikwa na kiatu kimoja," alisema.
"Cha kushoto polisi hawakukiona.
Wewe wajua lugha yao. Waulize walikitupa wapi.
Sitaki kingine kwao."

Niliwauliza, kupitia nondo za mahabusu,
askari akichokora meno na kunihimiza.
Yule mkubwa alinitazama kwa muda.
"Kiatu gani?" akasema.

Maneno mawili. Nimeyageuza usiku na mchana,
kwa Kitaliano, kwa Kiswahili, kwa Kigiriama cha mama huyu.
Asiyejua angesema hivyo hivyo.
Ajuaye angesema hivyo hivyo.

Amenipigia simu mara tatu toka Kaloleni.
Naitazama ikilia mezani.
Nimefasiri miaka kumi na minne kwa kiapo,
pasipo kuongeza, pasipo kupunguza,
na hili sijui nitalitia wapi.