Hiki Bado

Alhamisi usiku, jikoni Sudbury,
nimeshika simu kama mtu anayengoja jibu la posa.
Kibanda chetu kiko kilomita mia na arobaini kaskazini,
ng'ambo ya ziwa lililoganda. Hakijalala mtu tangu Oktoba,
tulipomwaga maji ya mabomba, tukafudikiza vikombe, tukafunga.
Simu inasema: ndani, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Nabonyeza.
Huko gizani kitu kinakohoa,
gesi inashika, feni inaanza kuzunguka,
na hakuna hata panya wa kusema alhamdulillahi.

Au wapo. Panya wapo daima.

Mama, wiki yake ya pili tangu ashuke kwenye ndege,
soksi mbili mbili, koti la mkwewe mabegani,
anachambua mchele usio na mawe, kwa mazoea tu.
"Unampashia nani?"
Wewe, Mama. Nataka ukivua viatu sakafu isikung'ate.
"Moto wa kuwashwa kwa kidole," anasema,
"sijui kama unaijua kazi yake."

Kumi na saba. Kumi na nne.
Nasoma kama unavyosoma homa ya mtoto,
ila hapa tunaomba ipande.
Saa tano usiku: kumi na moja. Nalala na simu kifuani.

Alfajiri simu haina habari.
Umeme umekatika, au mti umeangukia waya,
au nyumba imechoka kujibu maswali.
Nikampigia Aarne, jirani wa kilomita sita,
aliyeendesha malori ya mgodini miaka thelathini
na ambaye maneno huyatoa kama anayelipa kwa sarafu.
"Naona," akasema, akakata.
Hakusema anaona nini.

Njiani misonobari ilikuwa imeinama kwa uzito wa theluji.
Mama aliuliza mara moja tu:
chumvi yote hii ya kumwaga barabarani, nani anaivuna?
Sikujua. Akatikisa kichwa hadi mteremko wa mwisho.

Nyayo pana za viatu vya theluji
zilikuwa zimekuja mlangoni na kurudi zilikotoka.
Bombani, uzi wa moshi.
Mama akasimama kibarazani, akapiga hodi.
Hakuna mtu, Mama.
Akapiga ya pili.
Ndani birika lilikuwa linatokota juu ya jiko la kuni,
kifuniko kikicheza.
Akavua viatu, akaingia kama aliyeitikiwa.

Kipimo cha ukutani: kumi na nane, juu ya sifuri.
Lakini joto la hewa huja mbio,
la vitu huja kwa miguu.
Kijiko kilikuwa bado Januari.
Godoro, Januari.
Kamusi rafuni, Januari mpaka ukurasa wa mwisho.
Dirishani nzi waliojichimbia kwenye mbao tangu vuli
walitoka mmoja mmoja, wakipepesuka
kama watu waliokesha kwenye ngoma.
"Hata nzi umewaamsha," Mama akasema.
"Jumapili tukiondoka utawaambia nini?"

Kisha akaanza ukaguzi wake, kwa mgongo wa kiganja,
ukuta, meza, jiwe la dohani, shavu langu,
na kila kimoja akakipa hukumu yake:
hiki tayari, hiki karibu.
Kwenye pembe ya mbali na jiko
kuna kiti cha mbao ambacho hatukikalii,
mguu mmoja ni mfupi. Akakigusa, akauondoa mkono haraka.
"Hiki bado."

Usiku wa manane niliamka kuongeza kuni.
Mama alikuwa amelala fofofo chini ya blanketi nne.
Kiti kilikuwa kimesogezwa mpaka mbele ya jiko,
kipande cha gome la mti chini ya mguu mfupi,
na mabegani pake
kimefunikwa kanga yake, ile aliyosafiria,
imekunjwa vizuri upande wa shingo.