Hesabu Kumi na Moja

Masiku manne walirekodi ndani ya ghala la Wete,
karafuu zimeshasafirishwa, harufu imegoma kuondoka.
Mie ndiye mlinzi. Funguo niliambiwa nizivue kiunoni,
nizifunge kwa kitambaa, zisilie.

Bi Mize Asaa, mtunzi, mtoto wa hapa hapa Limbani,
alivaa ndara, penseli sikioni kama seremala.
Kanuni moja, fidla mbili, na lile lifananalo na fidla
iliyokula ikashiba (selo, wanaliita),
na magodoro ya hospitali yamesimamishwa ukutani
ili sauti isidunde.

Nilingoja mtu aimbe.
Hakuimba mtu.
Kanuni ikadonoa sauti mojamoja
kama anayechambua karafuu na makonyo yake,
selo likavuta mlio wa chini, mrefu,
mpaka nikausikia kwenye meno.
Kisha wote kimya. Nikadhani umeme umekatika.
"Ndio muziki wenyewe huo," Fakihi wa mitambo alininong'oneza.
"Kimya kimeandikwa. Hesabu kumi na moja."

Kimeandikwa!
Miaka ishirini na sita nalinda kimya cha ghala hili,
sikujua kuwa kina karatasi.

Usiku wa tatu, kwenye hesabu ya saba,
kifua kikanisaliti. Kikohozi kimoja tu, kikavu.
Vichwa vyote vikanigeukia, isipokuwa cha Bi Mize:
alifumba macho, akamaliza kuhesabu,
akasema, "Tena,"
akaniletea maji kwa mkono wake.

Sasa albamu imetoka. Mjukuu wangu Raya kaitia kwenye simu.
Jaladani kuna mlango wa ghala na kufuli langu,
na jina langu, herufi za sisimizi, mwisho kabisa,
baada ya fundi wa jenereta.

Kipande cha tatu nakisikiliza barazani kabla ya zamu.
Tano, sita.
Kikohozi changu hakimo. Wamekifua kile kimya,
wamekianika, wamekipiga pasi.
Lakini mie napajua pale palipotiwa kiraka,
na kila kikifika, koo lanitekenya,
nakohoa, kikavu, kimoja,
mahali pake hasa.

"Kombo, si nimekwambia unywe tangawizi?"
Mke wangu huyo, toka ndani.
"Nyamaza kidogo, Bi Time," namwambia,
"bado nne."