Robo, Siyo Nusu

Shule imefungwa Ijumaa. Jumatatu, saa moja kasoro,
Gwakisa yupo kibandani kwangu, Igurusi,
mikono kaificha kwapani kwa baridi ya Juni.
Mama yake kaniambia: "Fundi, nishikie huyu,
asishinde kwenye mfereji na wale wa kamari."

Sikumhubiria.
Nilimpa rimu iliyopinda na spana ya spoki.
"Izungushe. Inapogusa kidole, hapo kaza robo;
ng'ambo yake, legeza robo."
Akakaza nusu.
Rimu ikajikunja kama kapati.
Nikamalizia chai yangu.

Siku ya tano alinuna, akaenda mferejini.
Sikumfuata.
Siku ya sita nikamkuta mlangoni,
ukungu umemlowesha nywele, anauliza funguo.

Akaja Mwakalukwa na baiskeli ya mpunga,
gurudumu la nyuma linayumba kama mlevi wa pombe ya ulezi.
Kabla sijafungua mdomo, nikasikia:
"Mzee, ulipakia magunia mangapi?"
Mzee akacheka, akakiri matatu.

Mchana ule nilizima redio.
Rimu ikazunguka,
ikazunguka,
na kidole cha Gwakisa kikabaki hewani, hakikuguswa.

Kesho shule inafunguliwa.
Amesugua kucha kwa majivu, kwa limao, kwa mchanga;
grisi haitoki.
"Mwalimu wa zamu atanichapa, fundi."
Nimemwambia anyooshe mikono, asiifiche,
kisha amuulize kwa adabu
baiskeli yake inalia wapi.