Ndege wa Saba

Darubini ilikuwa moja, sisi kumi na wanane,
na mkanda wake ulikuwa kamba ya kiatu.
Mwalimu Kokuteta alituhesabia:
ishirini kwa kila mtu, kisha mpe mwenzio.
Pazi alihesabiwa ishirini, akaomba thelathini.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili.
Tulifuata njia ya Nunge, kwenye mabwawa ya chumvi,
viatu mkononi, daftari kwapani,
matope yakitufyonza nyayo kama mtoto na ubuyu.

"Msiniambie 'ndege yule'," alisema mwalimu.
"Ndege yule ni nani? Semeni mguu. Semeni mdomo.
Semeni anakula wapi, na anakula na nani."

Basi wenzangu wakasema.
Sikudhani aliona yangeyange, miguu myeusi,
vidole vya njano kama aliyekanyaga kiini cha yai.
Pazi aliona sululu, mdomo umepinda kama mundu,
anachokoa kaa tundu kwa tundu
kama mtu aliyedondosha ufunguo.
Mimi niliona weupe. Weupe unaotembea,
na weupe usiotembea, ambao ni chumvi.

Sikusema. Ningesemaje?
Nilidhani dunia ndivyo ilivyo,
mbali ni ukungu kwa kila mtu,
na darasani wote wa nyuma
wanasoma ubao kwa kubahatisha.

Nikaandika, nisije nikarudi na ukurasa mtupu:

Moja. Tyu-tyu-tyu, mara tatu, kama anayekataa.
Mbili. Filimbi saba, mbiombio, kama anayeshuka ngazi.
Tatu. Anasaga kitu kooni.
Nne, tano, sita: mabawa tu. Kanga mbichi inakung'utwa.
Saba. Kulasitara, dume. Bwawa la tatu, upande wa kushoto.
Mvumilivu sana. Hajala kitu tangu tufike.

Tulisoma orodha zetu tumekalia magunia.
Nilipofika saba, kimya kwanza,
kisha kicheko kikaruka, kundi zima kwa mpigo.
"Mwinshehe, hicho ni kigingi!"
"Tena kigingi dume!"
Pazi alianguka chali, akacheka mpaka machozi,
chumvi juu ya chumvi.

Mwalimu hakucheka. Au alicheka kidogo, kwa pua.
Akanivika ile kamba ya kiatu shingoni.
"Zungusha hiki kigurudumu. Taratibu."
Akaanza kuhesabu.
Kufika tisa, kigingi kilipata ufa, na msumari,
na kutu ya msumari.
Kufika kumi na tatu, nyuma yake, mkoko ulipata majani,
jani, na jani, na jani, kila moja na ukingo wake.
Sikujua. Nilidhani mti huota rangi tu.
Kufika kumi na tisa, aliacha kuhesabu.
Hakuna aliyedai zamu, hata Pazi.

"Namba mbili," alisema baadaye, daftari langu mkononi,
"ni sululu. Filimbi saba, hana mwenzake.
Hawa wote wamemwona mdomo,
hakuna aliyemsikia."
Akaweka vema kwa wino mwekundu.
Namba saba akaiwekea alama ya kuuliza.

Miwani ilikuja Juni, fremu ya kahawia.
Mama aliilipa kwa mafungu matatu,
kwa kukwangua chumvi ya bwawa lilelile.
Sasa najua kitwitwi hukimbia, akasimama, akakimbia,
kama aliyesahau alichotumwa.
Najua uso wa Sikudhani una kovu dogo juu ya nyusi.
Najua mama amechoka. Hilo nalo lilikuwa mbali.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nunge peke yangu.
Kigingi bado kipo, kushoto, kimeinama kidogo.
Juu yake ametua mdiria,
mweusi kwa mweupe, kishungi kimemvurugika
kama mwanafunzi aliyechelewa kuamka.

Nikafungua daftari, namba saba.
Nikafuta alama ya kuuliza.
Nilitaka kuandika jina, nikasita,
nikavua miwani, nikafumba macho,
nikangoja aseme mwenyewe.