Herufi Isiyotamkwa

Barua ya umeme imeingia mlangoni,
Bradford, Jumanne ya manyunyu.
Sudi, miaka minane, ananisomea:
debt. Anatamka "det".
Na hii b?
Haisemwi, mama. Inaandikwa tu.

Bi Hargreaves wa maktaba akanifafanulia:
neno lilitoka Ufaransa bila b,
wasomi wakaichomeka baadaye
ili Kilatini, mdai wa kale, asisahauliwe.

Nikacheka peke yangu kwenye ngazi.
Sisi "deni" lenyewe tumelikopa kwa Waarabu
na hatujarudisha hata irabu.

Usiku dada kapiga simu kutoka Korogwe.
Hamjambo huko?
Hatujambo, nikasema,
b nikaitamka vizuri, midomo ikakutana,
huku barua nimeikalia.