Fundo la Juu

Kila Alhamisi, chumba cha chini ya kanisa,
tunakaa watano kuizunguka fremu,
magoti yamegusana, mfarishi umetanda juu yake
kama shamba lisilo na mwenyewe.
Nje, Manitoba yote ni nyeupe
na magari yamechomekwa umeme yasife kwa baridi.
Aganetha ana subana ya fedha ya nyanya yake.
Sara Loewen hushona huku akila mbegu za alizeti,
maganda anatemea kikombeni, sindano haimpotei.
Margreta hutupima kwa macho:
mishono minane kwa kila inchi.
Akiona sita, hukohoa.

Justina Penner hukaa mkabala nami.
Miaka minne hatujasemezana
ila "mkasi" na "asante".

Wenzetu hudhani ni ile sufuria ya jemu ya plamu
niliyomwazima nzima akairudisha na kovu.
Waache wadhani. Sufuria ni sufuria.
Ni neno alilolisema mezani kwangu, kijiko kikiwa njiani,
siku mwanangu Abram alipopanda basi
kwenda kuchimba mafuta magharibi:
"Huyo harudi, Helena."
Na hakurudi.
Angekuwa amesema uongo, ningeshamsamehe.

Desturi yetu ni hii: Novemba hadi Februari
kila mmoja hushona wake nyumbani, kimya kimya,
kisha tunapiga kura kwa vikaratasi
ndani ya kopo la kahawa.
Hakuna anayelala chini ya kazi ya mkono wake.
Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako
hawakuijua baridi ya huku.

Nikachomoa karatasi: Justina.
Mfarishi wake ulikuwa wa kahawia,
kahawia ya udongo uliolimwa, ya chai iliyosahauliwa,
kahawia juu ya kahawia.
Nikausifu, kama ipasavyo.
Nikaukunja, nikauzika kabatini
chini ya vitambaa vya meza vya Pasaka.

Wiki ya pili umeme ukakatika usiku.
Jiko likala gogo la mwisho.
Kiburi hakifuniki miguu; nikaenda kabatini.
Nikalala na tochi, nahesabu vipande kama mtoto,
na safu ya saba, karibu na pindo, kahawia ikakatika:
mraba wa flaneli ya kijani
wenye tundu la cheche, limezungushiwa uzi
wa kijani kile kile.
Nililijua tundu kabla sijaijua nguo.
Shati la Abram, la kuchomelea vyuma.
Nililitupa mwenyewe katika gunia la matambara la kanisa,
Machi ile, kwa hasira,
bila hata kukata vifungo.

Justina huficha mafundo yake yote.
Huyazamisha ndani ya pamba;
geuza bitana utakavyo, huoni uzi ulikoanzia.
Lakini juu ya mraba ule aliacha fundo moja wazi,
gumu, dogo kama punje ya mtama,
pale ambapo kidole gumba kingefika chenyewe.

Sikulifungua.

Alhamisi iliyofuata, Margreta, aliyepata mfarishi wangu,
alikohoa kabla hajaketi.
"Helena, mishono yako ni mipana kama mageti!
Kidole cha mguu kilinasa usiku kucha,
ikabidi mzee alete mkasi."
Sara akapaliwa na mbegu.
Justina akacheka kwa pua, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

"Mkasi," nikasema.
Akanipa, mpini ukielekea kwangu.
"Ulilala?" akauliza, macho kwenye uzi.
"Miguu ilipata joto."
Akailamba ncha ya uzi, akatunga sindano,
mara ya kwanza akakosa.
"Jemu bado unapika?"
"Sufuria ina kovu."
"Najua," akasema. "Ilete niitazame."