Utando wa Kumi na Saba

Espoo, Januari. Nje theluji imefika magotini;
ndani, Tyyne Halkola amebana pumzi.
Utando umeachana na kioo,
unaelea majini kama ngozi ya maziwa yaliyopoa,
naye anauopoa kwa pete ya wavu,
taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Wa kumi na sita ulipasuka Ijumaa.
Hakuna aliyeugusa.
Mtu alifunga mlango, basi.

Unene wake? Chana unywele mara elfu,
chukua uzi mmoja, mwingine wote tupa.
Nikamuuliza: kitu chepesi hivi kina kazi gani?
Akasema: kukataa.
Mwanga huu wetu wa macho ubishe hodi, urudi.
Joto nalo lirudi.
Eksirei pekee ipite bila kuulizwa jina,
ile iliyotoka kwenye nyota zinazomezana
kabla mtu hajapata neno la kuziitia.

Juzi tuliufunga kwenye meza ya mtikiso,
tukaupigia ngurumo ya roketi mara tatu.
Tyyne hakutazama. Alihesabu vifungo vya koti langu:
vitano, kimoja kimelegea.

Leo taa iko nyuma yake, chumba kizima giza.
Tunasogeza macho inchi kwa inchi.
Giza.
Giza.
Kisha, pembeni kushoto, nukta,
ndogo, nyeupe, imetulia.

"Nzuri," akasema, sauti imemkauka.
"Lakini nyota hii hatukuiagiza."

Akawasha taa za dari, akafuta kumi na saba ubaoni,
akaenda kujaza beseni.